Kianzio cha fundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumlipa fundi kabla ya kazi

Ninasimamia ukarabati wa nyumba Dar es Salaam, nyingi zikiwa za watu waliobanwa na kazi au wanaoishi mbali na nyumbani. Swali la rangi ya vigae huulizwa mara moja likaisha. Swali la hela ya kutanguliza huulizwa kila wiki, na mara nyingi muulizaji ameshaitoa. Majibu haya yanahusu mafundi wa mtaani na makandarasi wadogo wa Tanzania, kwenye kazi za bafu, jiko, paa, dari, uzio na kumalizia boma. Viwango vya hela nilivyotaja ni mifano ya hesabu, msivipeleke kwa fundi kama orodha ya bei.

Fundi ameomba hela kabla hajashika hata nyundo. Ni kawaida, au nimeshaanza kuibiwa?

Ni kawaida. Fundi wa mtaani hana benki ya kumkopesha, wala hana akiba ya kulisha vibarua wanne wiki nzima akingoja wewe uridhike. Anatakiwa ahamishe vifaa vyake kutoka saiti aliyotoka, ampe saidia fundi nauli ya asubuhi, pengine akodi mashine ya kukatia vigae. Kianzio cha namna hiyo huwa nakitoa bila kinyongo.

Kinachonitia shaka ni kianzio kisicho na maelezo. Nikimuuliza fundi, "Laki sita hizi unaanza nazo nini?" naye akanitajia kimoja kimoja, tunaelewana hata kama bei ni kubwa. Akijibu, "Dada, wewe nipe tu kazi ianze," pochi naifunga.

Kiasi gani ni sawa? Wengine wanasema nusu kwa nusu.

Nusu kwa nusu ni mazoea, na ni mazoea mabaya kwa kazi ya ukarabati. Sheria zetu zinawaachia wahusika wakubaliane wenyewe. Kwingine wamebana zaidi: jimbo la California huko Marekani linamkataza mkandarasi wa ukarabati wa nyumba kuchukua malipo ya awali yanayozidi dola 1,000 au asilimia 10 ya kazi, kile kilicho kidogo. Na serikali yetu yenyewe, inapompa mkandarasi malipo ya awali, hudai kwanza dhamana. Wewe unayempa fundi milioni nne umeshika dhamana gani?

Mimi sianzi na asilimia. Naanza kwa kutenganisha vifaa na ufundi. Tuseme unakarabati bafu na jiko, jumla milioni 8: vifaa Sh 5,600,000 na ufundi Sh 2,400,000. Fundi akikuambia "nipe nusu", anadai milioni 4, yaani ufundi wake wote pamoja na sehemu ya vigae ambavyo havitabandikwa mpaka wiki ya nne. Ukishatoa hiyo, umemlipa mshahara wa kazi nzima kabla ya siku ya kwanza. Kesho asubuhi ataamka aje kwako kutafuta nini?

Sasa tenganisha. Vifaa vinunuliwe hatua kwa hatua, vikihitajika. Zile Sh 2,400,000 za ufundi zigawe hivi: kianzio 300,000 cha kuhamia na kung'oa vya zamani, 600,000 mabomba yakishapita na kupimwa, 500,000 lipu na dawa ya kuzuia maji zikikamilika, 600,000 vigae vikiisha, 250,000 siku ya kukabidhi, na 150,000 ya mwisho baada ya wiki nne za kuoga na kupika humo. Hapo kianzio ni sehemu moja ya nane ya ufundi, na fundi bado ana hela inayomsubiri mbele yake katika kila hatua.

Kazi za karakana zina hesabu nyingine. Fundi wa makabati, milango, grili au madirisha ya aluminiamu anakata malighafi kwa vipimo vya nyumba yako, na ukimkimbia hana pa kuuza dirisha lenye upana wa ajabu. Huyo akidai nusu, hata zaidi kidogo, ana haki. Ila siku ya tatu nenda karakana ukaone mbao zako zimepangwa wapi, uzipige na picha.

Mbona fundi akipewa hela nyingi anaingia mitini? Ni wezi?

Wezi wapo, lakini si wengi kama tunavyowasimulia. Tatizo kubwa ni mnyororo.

Mimi mwenyewe nililizwa. Nilimpa fundi jipsamu Sh 1,800,000 anunue bodi na vyuma vya dari ya sebule, Tabata. Wiki ya kwanza simu inapokelewa, ya pili inaita tu, ya tatu haipatikani. Kijana wake mmoja akaniambia yupo Kimara. Nikaenda. Nikamkuta juu ya ngazi anafunga dari ya mtu mwingine, dari nzuri kweli, na bodi zenyewe nina hakika ni zangu. Hakuona hata aibu. Alishuka, akaniamkia, akasema, "Dada, usiwe na wasiwasi. Huyu akinimalizia hela yake ndiyo nanunua za kwako."

Siku ile nilielewa biashara nzima. Mwenye nyumba wa Kimara alitoa kianzio miezi miwili nyuma, kikaenda kumalizia saiti ya Mbezi. Cha kwangu kimekwenda Kimara. Na mahali fulani mjini alikuwepo mtu anayejiandaa kutoa kianzio cha kununulia bodi zangu. Fundi hakuwa na nia ya kumwibia yeyote; alikuwa hatua moja nyuma ya deni lake, anakimbia. Siku atakayokosa mteja mpya, au mtoto akilazwa hospitali, mnyororo unakatika, na anayeumia ni yule aliyetoa hela mwisho.

Ndiyo maana upole wa fundi, swala zake tano au sifa alizopewa na jirani hazitoshi kukulinda. Alikuwa mwaminifu kwa jirani kwa sababu hela yako ilikuwa njiani. Kinga yako ni kwamba hela iliyoko mikononi mwake isizidi kazi ya siku chache, ili hata akiihamishia kwingine, shimo liwe dogo na sababu ya kurudi kwako iwe kubwa.

Ninunue vifaa mwenyewe au nimpe fundi hela akanunue?

Nunua mwenyewe, au lipa dukani moja kwa moja. Fundi aandike orodha yenye idadi na aina: saruji mifuko mingapi ya kilo 50 na daraja gani, nondo za milimita ngapi, mabati ya geji gani, bomba za ukubwa gani. Orodha ipeleke kwa maduka mawili matatu ya vifaa vya ujenzi, Buguruni, Kariakoo au hapo hapo mtaani. Ukishachagua, lipa duka, mzigo uletwe saiti, mtu wako auhesabu ukishushwa. Dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Ile ya kuandikwa kwa mkono inaweza kuandikwa chochote.

Kuna suala la cha juu. Maduka mengi humpa fundi chochote kwa kuleta mteja, na fundi akinunua mwenyewe huongeza chake juu ya bei. Wateja wengi hukasirika wakigundua. Mimi nimeshaacha kukasirika; namwambia fundi mapema kwamba vifaa nanunua mimi, hivyo apange bei ya ufundi inayomtosha. Ufundi utapanda kidogo. Afadhali upande nikiuona.

Serikali nayo ilifika hapo hapo. Madarasa mengi ya shule za umma yamejengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule au halmashauri inanunua vifaa, fundi wa eneo analipwa ufundi tu. Utaratibu huo una lawama zake, lakini fundi hawezi kuondoka na saruji ambayo hakupewa hela yake.

Usinunue vyote kwa mkupuo, hata kama una hela. Saruji ikikaa stoo miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu, na ikipata unyevu inaganda kabla hujaifungua. Vifaa vingi saiti pia ni mwaliko kwa wanaotoka jioni na ndoo nzito. Vigae tu ndivyo nakushauri uchukue vyote mara moja, pamoja na ziada ya kama asilimia 10 kwa vya kukatwa na kuvunjika, maana ukirudi mwezi ujao utapata jina lile lile na rangi tofauti.

Bei ya vifaa inapanda. Fundi anasema nimpe zote leo ili tuwahi.

Bei inaweza kupanda kweli, hasa mabati na nondo. Dawa yake ni kulipia dukani na kuacha mzigo hapo kwa maandishi, wenye maduka wengi hukubali kwa wiki kadhaa. Haraka ya bei haifanyi hela ipite mfukoni mwa fundi.

Kila siku anaomba hela ya kula. Nitoe?

Toa, lakini iandike. Hii ndiyo njia inayokula bajeti bila kelele: elfu kumi ya leo, elfu ishirini ya kesho, nauli ya vibarua, "bosi, mke anaumwa". Mwisho wa kazi fundi anakumbuka kianzio na wewe unakumbuka kila kitu, mnagombana.

Nina daftari linalokaa saiti. Kila hela inayotoka inaandikwa tarehe, kiasi, ya nini, fundi anaweka sahihi. Hela ya kula inakatwa kwenye malipo ya hatua inayofuata, na hilo tunalisema siku ya kwanza wala si siku ya ugomvi. Ukitaka kumsaidia na mgonjwa wake, msaidie kama binadamu, kwa hela ambayo hutaidai. Usichanganye na kazi, kwa sababu fundi aliyekopa sana kwako anaanza kukukwepa kama anavyomkwepa mwenye duka anayemdai.

Deiwaka, yaani kwa siku, au kwa kazi nzima?

Kwa kazi ndogo isiyojulikana mwisho wake, kama kutafuta bomba linalovuja ndani ya ukuta, mlipe kwa siku, jioni, na kianzio hakipo kabisa. Kwa kazi yenye michoro na vipimo, kubalianeni bei ya kazi nzima. Ukimlipa kwa siku kwenye kazi ya vigae, utashangaa jinsi kigae kimoja kinavyoweza kubandikwa taratibu.

Nitamjuaje kabla sijampa hela?

Omba kitambulisho cha Taifa (cha NIDA) na ulinganishe jina na lile linalotokea unapotuma hela kwenye namba yake. Likitokea jina la mtu mwingine, "hiyo laini ya shemeji", mwambie alete ya kwake. Nenda uone kazi mbili: moja aliyoimaliza mwaka mmoja uliopita na moja anayoifanya sasa. Ile ya zamani itakuonyesha kama vigae vimeinuka; ile ya sasa itakuonyesha kama mwenye nyumba analalamika. Usiridhike na picha za kwenye simu, picha za bafu zuri zinazunguka mjini kama maji.

Akijitambulisha kama mkandarasi au kampuni, kuna Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wamepangwa kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, na bodi inaweza kukuthibitishia kama jina hilo limesajiliwa. Fundi umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na hapa silegezi kamba: kigae kikibanduka unabandika kingine, waya mbovu unachoma nyumba. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni kitu kizuri, ila wapo mafundi hodari waliojifunza kwa kubeba zege tangu ujana. VETA yenyewe ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua watu wa namna hiyo.

Na mwulize ana saiti ngapi kwa sasa. Akisema "hii tu", piga hesabu: kwa nini fundi mzuri hana kazi? Akisema tano, piga hesabu nyingine. Mbili au tatu ni jibu la mtu anayesema kweli.

Nimlipe mkononi au kwa simu?

Kwa simu au benki. Ujumbe wa muamala una jina, kiasi, tarehe na saa, na hauhitaji shahidi. Ukilazimika kutoa taslimu, asaini daftari pale pale. Makato ya kutoa hela huwa yanamuudhi fundi. Muongezee ya kutolea, ni bei ndogo ya ushahidi.

Bafu moja tu, kweli tuandikiane mkataba?

Ndiyo, ukurasa mmoja unatosha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, kwa hiyo kama hukuandika hujapoteza haki yako. Umepoteza tu urahisi wa kuithibitisha. Maandishi ya mkono, ujumbe wa WhatsApp, hata ujumbe mfupi wa "nimepokea laki tatu ya kuanzia bafu, nitamaliza tarehe 20" vyote vina uzito.

Watu hupenda kuweka faini ya kuchelewa, kwa mfano Sh 20,000 kila siku. Iweke, lakini iwe ya kiasi. Kifungu cha 74 cha sheria hiyo kinaipa mahakama nafasi ya kukupa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi mlichotaja. Haitakupa hela ya kumkomoa mtu.

Nitajuaje hatua imekamilika ili nitoe hela inayofuata?

Hapa ndipo mwenye nyumba anaposhindwa. Fundi anasema "tayari", ukuta unaonekana umenyooka, mkono unaingia mfukoni. Hatua ipimwe kwa kitu ambacho hata mtoto anaweza kukiona.

Mabomba yapimwe kabla ya kufukiwa na lipu. Ncha zote zinafungwa, yanajazwa maji kwa presha ya pampu ndogo yenye saa, mnaondoka, mkirudi baada ya saa kadhaa mshale uwe pale pale. Fundi bomba asiye na pampu hiyo aazime. Sakafu ya bafu, baada ya dawa ya kuzuia maji na kabla ya vigae, ziba tundu, mwaga maji yafunike sakafu sentimita chache, yaache saa 24, kisha ukaangalie chumba cha chini au ukuta wa upande wa pili. Vigae vikiisha, mwaga ndoo moja mlangoni uone maji yanaelekea tundu au yanaelekea chumbani. Halafu chukua sarafu, gonga kigae kimoja kimoja: kinacholia mlio wa utupu hakikushika, na kitabanduka. Weka alama ya chaki, abadilishe, ndipo umlipe.

Zege la slabu lina subira yake. Linaendelea kukaza, na nguvu yake hupimwa kwa siku 28. Fundi anayetaka mirunda, zile nguzo za mbao zinazolishikilia, itolewe wiki ya kwanza ili aihamishie saiti nyingine anakuomba uhatarishe kichwa chako kwa ajili ya mbao. Hela ya slabu usiimalize mirunda ikiwa bado imesimama, na uhakikishe linamwagiliwa kila siku.

Paa hupimwa na mvua. Ukikarabati paa Agosti, hakuna anayejua kama linavuja mpaka vuli ya Oktoba. Kwa hiyo hela kidogo ya paa ibaki mkononi mwako mpaka mvua ya kwanza kubwa, na fundi ajue hivyo tangu mwanzo. Kwenye miradi mikubwa kama barabara, huu ndio muda wa matazamio. Hakuna sababu ya barabara kuwa nao na paa lako likaukosa.

Niko Muscat, hela natuma kwa ndugu yangu. Nifanyeje?

Swali hili nalipata kutoka Oman, Uingereza na Marekani kwa maneno yale yale, na ugumu wake ni wa kifamilia kuliko wa kiufundi. Kaka anayesimamia nyumba ana mahitaji yake, fundi ni rafiki yake, na wewe ukidai risiti unaambiwa umebadilika tangu uende ughaibuni.

Tenganisha mambo matatu. Duka la vifaa lilipwe na wewe mwenyewe, kutoka huko huko. Ufundi utumwe moja kwa moja kwenye namba ya fundi. Ndugu ahesabu mzigo na kupiga video, na umlipe kwa kazi hiyo waziwazi, asijilipe kwa siri. Video ipigwe kwa kutembea, kuanzia getini, bila kukatwa, na fundi aseme tarehe. Picha moja moja zinaweza kuwa za nyumba yoyote. Kwa kazi kubwa, mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kupima kazi na gharama zake, akague kila hatua kabla hujatuma. Ada yake utaifidia kwenye mifuko ya saruji ambayo haikupotea.

Amechukua hela, haonekani. Naanzia wapi?

Anza na simu, kwa upole, na maandishi: "Fundi, nilikupa Sh 900,000 tarehe fulani kwa kazi fulani. Naomba uje saiti au unirudishie kabla ya Ijumaa ijayo." Ujumbe huu ni wa fundi, lakini pia ni wa hakimu. Usitukane humo.

Akipiga danadana, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa anakoishi fundi, si kwako. Anawajua watu wake, anajua mke wa fundi anauza wapi vitumbua, na fundi hataki aibu ya kuitwa ofisini. Madeni mengi niliyoyaona yakilipwa yalilipwa hapa, kwa mafungu, mbele ya mashahidi na karatasi.

Polisi ni njia ambayo wengi huikimbilia kwanza na kurudi wamenuna. Fundi aliyeshindwa kumaliza kazi amevunja mkataba, na hilo ni dai la madai. Linakuwa jinai pale alipojipatia hela kwa udanganyifu: alitumia jina la uongo, alikuonyesha risiti ya kughushi, alikuambia vifaa ameshanunua na havikuwepo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalo kosa hilo kwenye kifungu cha 302. Kama una ushahidi wa uongo wa namna hiyo, nenda. Kama huna, utaambiwa uende mahakamani, na askari atakuwa sahihi.

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mkataba ya hadi Sh milioni 30, kwa Kiswahili, na mtu wa kawaida anaweza kujisimamia. Beba maandishi, ujumbe wa miamala, daftari, picha na shahidi mmoja aliyeona kazi ilipoishia. Dai hela ambayo kazi yake haikufanyika, pamoja na hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ndicho kinachosimamia fidia. Muda wa kudai mkataba ni miaka 6, lakini fundi wa mtaani kumpata baada ya miaka 6 ni kazi ya mpelelezi.

Usimfungie chumbani, usimpige, usimwitie watu "mwizi". Dai la laki tisa litageuka kesi yako wewe.

Na kwa walioko Kenya?

Misingi ya kianzio ni ile ile. Usajili wa makandarasi na mafundi uko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na dai lisilozidi shilingi milioni 1 ya Kenya linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo.

Nimepata fundi mwingine wa kumalizia. Kuna la kuangalia?

Kabla hajagusa chochote, piga picha kila kona na uandike kazi ilipoishia, mbele ya shahidi. Akishaanza, hakuna atakayeweza kutenganisha kazi ya nani ni ipi. Na jiandae kusikia kwamba fundi wa kwanza alikosea kila kitu; kila fundi husema hivyo juu ya mwenzake. Kianzio cha huyu wa pili kiwe kidogo kuliko cha kwanza, hata kama umechoka.

Na fundi analindwa na nini? Wateja nao wanadhulumu.

Wanadhulumu sana. Mwenye nyumba anahamia, anapika pilau, anaalika wageni, na laki mbili ya mwisho ya fundi inakuwa "njoo mwisho wa mwezi" mpaka fundi anachoka nauli. Wengine huzua kasoro siku ya malipo. Mafundi hudai kianzio kikubwa kwa sababu hawaamini kama ya mwisho itakuja.

Kwa hiyo ukitaka kianzio kidogo, mpe sababu ya kukuamini. Hatua ikipimwa na kupita, lipa siku hiyo hiyo, kabla ya jua kuzama. Fundi anayelipwa Jumamosi saa kumi jioni kama ulivyoahidi, Jumatatu saa moja yuko saiti. Ukibadilisha mawazo katikati, ukataka kabati lihamie upande wa pili, hiyo ni kazi mpya na ina bei yake. Iandikeni chini ya karatasi.

Nipe mfano wa maandishi ninayoweza kunakili.

Huu ndio ninaoutumia kwa kazi ndogo. Nakili kwa mkono, mara mbili.

"Leo tarehe ____, mimi ____, mwenye nyumba iliyopo mtaa wa ____, na mimi ____, fundi, namba ya NIDA ____, simu ____, ninayeishi mtaa wa ____, tumekubaliana kazi ya ____ kama ilivyoandikwa nyuma ya karatasi hii. Vifaa vitanunuliwa na mwenye nyumba. Ufundi ni Sh ____ kwa kazi nzima. Kianzio ni Sh ____, kwa ajili ya ____. Malipo mengine yatatolewa siku hatua itakapopimwa na kukubaliwa na wote wawili: hatua ya kwanza ____, Sh ____, ya pili ____, Sh ____, ya tatu ____, Sh ____. Hela ya kula na nauli itaandikwa kwenye daftari na kukatwa kwenye hatua inayofuata. Sh ____ zitabaki kwa mwenye nyumba hadi tarehe ____, na fundi atarekebisha bila malipo kasoro yoyote ya kazi yake itakayoonekana kabla ya siku hiyo. Kazi inaanza tarehe ____ na kwisha tarehe ____. Fundi akisimama siku saba bila taarifa, mwenye nyumba anaweza kuleta fundi mwingine, na hesabu itafanywa kwa kazi iliyokwisha kupimwa. Mwenye nyumba akichelewesha malipo ya hatua kwa siku saba, fundi anaweza kusimamisha kazi, na siku hizo hazitahesabiwa kwake.

Sahihi ya mwenye nyumba ____. Sahihi ya fundi ____. Shahidi wa mwenye nyumba ____. Shahidi wa fundi ____."